Kilichobaki Ndani ya Nta

Wanangu mnaovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza mwaka huu, nianze na jambo ambalo hamkuandika kwenye daftari zenu za chuo. Figo haina mdomo. Jino likioza utalia, goti likivimba utachechemea, lakini figo inaweza kugeuka kovu huku mwenyewe bado anacheka, anachuma majani na kuimba kwaya Jumapili. Nilikaa na figo za watu zaidi ya miaka thelathini na jambo hilo halikuacha kunitisha. Hata sasa nimestaafu, nikikutana na mtu asubuhi ana uso uliovimba chini ya macho, ulimi unaniwasha nimuulize kama mkojo wake una povu. Mara mbili nimeuliza kweli, na mara ya pili nilitolewa kwenye harusi.

Mimi sikuwa daktari. Nilikuwa mtu wa kukata na kupaka rangi katika maabara ya hospitali moja huku Kericho, chumba cha mwisho kwenye korido, dirisha lake likitazama mashamba ya chai. Daktari anapitisha sindano mgongoni mwa mgonjwa, na kinachotoka ni kijiuzi tu, chembamba kama uzi wa kushonea na kifupi kama ukucha wa kidole gumba. Kinaletwa kikielea ndani ya chupa ya fomalini. Nilikitoa maji kwa spiriti, nikakilaza kwenye nta ya moto, nta ikaganda, kisha nikakikata kwa mashine vipande vyembamba ambavyo hata pumzi inavipeperusha. Vipande hivyo vilipakwa rangi juu ya slaidi ya kioo, na daktari wetu wa patholojia akavisoma kwa hadubini.

Aliyenifundisha ni Mzee Njoroge, ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakaja kufungua duka mjini miaka mingi iliyopita. Wiki yangu ya kwanza nilikohoa nikiwa nakata, na kipande kikatoweka. Tulikitafuta mezani, sakafuni, hata ndani ya kikombe chake cha chai. Alipogeuka nikakiona kimeganda kwenye kioo cha miwani yake.

"Kairitu," akaniambia, maana ndivyo kwao wanavyomwita msichana, "huyu mgonjwa amekuja kunichungulia. Kutoka leo ukikata, hewa unaweka kwa tumbo."

Mzee Njoroge alikuwa na tabia moja iliyonisumbua. Nyuma ya chumba chetu kulikuwa na stoo ya droo ndefu, na ndani yake vibonge vya nta vya miaka yote, kila kimoja na kipande cha mtu ndani. Wengine walipona, wengine walihama, wengine wamezikwa. Sheria ya kazi ni kwamba kibonge hakitupwi ovyo. Basi kila asubuhi akifungua mlango wa stoo alisema, "Hamjambo huko ndani?" Akatulia kidogo ndipo akawasha taa.

Nilimcheka. Siku hiyo hiyo akatoa kibonge cha mwanamume aliyekufa kabla mimi sijaajiriwa, akakikata, akakipaka rangi, akaniita nitazame. Chembe zilikuwa zimesimama imara, rangi imekolea, kana kwamba mwenyewe ameketi hapo nje kwenye benchi akingoja kuitwa. "Kaburi lake limemea nyasi," Mzee akasema, "lakini ukimkata, yeye anakuja tu." Sikula chakula cha mchana siku hiyo.

Niwape na la karai, kabla sijasahau. Vile vipande tunavielea kwenye karai la maji ya uvuguvugu vinyooke, halafu tunavivua kwa slaidi. Usipofuta maji hayo kwa karatasi baada ya kila mgonjwa, kipande cha wa jana kitabaki kikielea na kupanda kwenye slaidi ya wa leo. Sisi tulikiita mgeni. Niliwahi kumpata mgeni mmoja: ini la mzee, limekaa pembeni mwa koo la mtoto wa miaka sita, limetulia kana kwamba limealikwa. Tulilijua kwa sababu ini halikai kooni. Lakini je, kama lingekuwa koo kwa koo? Futeni karai.

Sasa niwaeleze kovu, polepole, kwa sababu ndilo lililonifundisha woga.

Ndani ya figo kuna vichujio vidogo sana, kila kimoja ni fundo la mishipa ya damu, na chini yake kuna mirija ya kupitisha mkojo. Kuna magonjwa ambayo kinga ya mwili inapotea njia. Badala ya kumpiga mdudu, askari wake wanaingia kwenye vichujio na kupigana humo humo. Vichujio vinavimba, vinavuja damu na protini, na ndiyo povu lile la mkojo. Mahali palipopigwa, mwili unapeleka mafundi wa kuziba. Ukijikata na panga shambani, mafundi hao wanakuja, wanashona, wanaondoka, unabaki na alama. Kwenye figo iliyovimba kwa muda mrefu, vita haviishi, kwa hiyo mafundi hawaondoki. Wanatandika nyuzi juu ya nyuzi, kuzunguka vichujio na katikati ya mirija. Nyuzi zinajikaza na kubana mishipa midogo ya damu. Mirija iliyo hapo chini inakosa damu, inanyauka, na huko kunyauka kunawaita mafundi wengine. Protini inayovuja nayo inaiumiza mirija ikipita. Inafika mahali ambapo vita vilishakwisha, hakuna anayempiga mwenzake, na nyuzi bado zinaendelea kutandikwa.

Nilimuuliza Mzee Njoroge adui yuko wapi kwenye slaidi kama hiyo, maana mimi nilitafuta sikumwona.

"Hakuna adui hapo," akasema. "Hao ni mafundi. Shida ni hakuna mtu wa kuwaambia kazi imeisha."

Tuna rangi yetu ya kuwaona. Tunaipaka kwa hatua kadhaa, na mwisho wake nyama hai inakuwa nyekundu na kovu linakuwa buluu. Figo nzima ina mistari myembamba tu ya buluu. Kuna alasiri za ukungu huku kwetu, mvua ya mawe imepita, wachumaji wamerudi nyumbani na shamba lote limenyamaza. Nimewahi kuweka slaidi alasiri ya namna hiyo nikakuta buluu kutoka ukingo hadi ukingo, vichujio vimefumba kimoja baada ya kingine, nami najua mwenyewe yuko kwenye foleni ya dawa akisimulia habari za mpira. Niliogopa, nawaambia kweli. Mara kadhaa niliacha mlango wazi ili nisikie watu wakipita.

Chelangat alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili huko chuoni Kabianga. Uso wake ulivimba asubuhi, na ifikapo saa nne ulikuwa umerudi kawaida, kwa hiyo wenzake wa hosteli walimtania kwamba amelala mno. Baadaye viungo vikauma, miguu ikajaa maji, na akaletwa hospitalini. Madaktari walishuku kinga yake inamshambulia, wakamtoa kipande cha figo ili wajue ni uvimbe wa kutibika au ni kovu. Hapo ndipo penye tofauti yote, wanangu. Uvimbe una dawa. Dawa hizo ni kali, zinavunja kinga, na hapewi mtu ambaye figo yake imekwisha, maana zitamdhuru bure.

Asubuhi ya kutolewa kipande nilimkuta kwenye benchi nje ya mlango wangu, amepotea njia akitafuta wodi.

"Madam, ni hapa wanauza figo?" akaniuliza. "Nataka tu kujua bei, ya kwangu inasumbua."

Nilicheka nikamwonyesha njia. Kesho yake kipande chake kilikuwa mkononi mwangu.

Siku hiyo stima ilikuwa inapotea na kurudi, na jenereta lilikuwa limepelekwa kutengenezwa. Kipande kinatakiwa kilazwe bapa kabisa kwenye kitako cha kikombe cha nta ikiwa bado ya moto, maana upande huo ndio unaogeuzwa juu na kukatwa kwanza, ndipo wembe ukikikata ukute urefu wake wote kwa pamoja. Nilikishika kwa kibano, stima ikaenda, nta ikaanza kuganda. Ncha moja ikashika chini, nyingine ikabaki juu. Kililala mshazari. Nilikiona. Ningengoja stima, niyeyushe, nikilaze upya, na ningepoteza asubuhi. Lakini kulikuwa na chupa nyingine kumi na moja zikingoja, nikasema moyoni, kitatosha.

Nilikata nilichokata, nikapaka rangi, ikatoka buluu. Daktari wetu alisoma, akatikisa kichwa, akaandika kwamba vichujio karibu vyote vimefunga na hakuna kikubwa cha kuokoa. Daktari wa figo akamwita Chelangat na nyanyake aliyemlea, akawaambia dawa kali hazitasaidia, wajiandae kwa mashine ya kusafisha damu. Msichana akaacha masomo akarudi kwao Boito.

Wiki tatu zikapita. Kisha mlango wangu ukabishwa, akaingia mwanamke mzee sana, mrefu, amevaa gamubuti zenye udongo mwekundu, mkononi ana mkebe mdogo uliooshwa ukang'aa.

"Chamgei," akanisalimia kwa Kikipsigis.

"Chamgei mising, Kogo," nikamjibu, yaani nyanya.

"Mimi ni kogo ya Chelangat. Nimekuja kuchukua nyama ya mtoto."

"Nyama gani, Kogo?"

"Ile mlitoa kwa mgongo. Mtu haachi kitu ya mwili yake kwa nyumba ya watu. Hata kucha tukikata tunafukia. Tangu mkae na hiyo nyama, mtoto anaisha tu, anaisha. Nipee niende nifukie nyuma ya nyumba, hiyo kitu iache kumkula."

Akafungua mkebe. Ndani alikuwa amekunja kitambaa cheupe, vizuri, kama anayemwandalia mtu pa kulala. Siku nyingine ningeficha kicheko. Siku hiyo nywele zilinisimama, kwa sababu alivyolieleza jambo lenyewe hakuwa mbali na ukweli.

Nilimwambia sheria hainiruhusu kumpa. Hakubishana. Alivuta kiti akaketi, akaweka mkebe magotini.

"Basi nionyeshe. Nijue kama iko."

Nikaenda stoo. Mzee Njoroge alikuwa ameshastaafu wakati huo, lakini nilipofungua mlango nilisikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Hamjambo huko ndani?" Sikuwa nimewahi kusema hivyo. Nilitafuta namba ya Chelangat bila kutazama droo nyingine, nikatoka upesi.

Kogo alipeleka kibonge dirishani. Nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai na mwanga ulikuwa mweupe. Alikigeuza huku na huku kwa vidole vilivyochuma majani maisha yake yote, vyeusi kwa utomvu.

"Hii nyeupe ndiyo yeye?"

"Ndiyo yeye, Kogo."

"Na mliangalia yote?"

"Tulikata hapo juu."

"Mbona huku inaenda ndani?" Akapitisha ukucha polepole juu ya nta. "Hapa iko karibu. Hapa inazama. Huku hamjagusa."

Nikaufuata ukucha wake kwa macho.

"Wewe ni wa wapi, lakwet?" Aliniita mtoto, na mimi nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu.

"Boito pia, Kogo. Juu ya kiwanda."

"Mama yako alichuma majani?"

"Alichuma."

"Karani akikuja kupima, aliangalia juu ya kikapu peke yake?"

"Hapana. Alimwaga yote kwa gunia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu watu wanaweka mazuri juu, mabaya chini."

"Sasa," akasema, akinirudishia kibonge, "huyu mtoto wangu nani alimmwaga?"

Aibu niliyoisikia sijaisikia tena. Nimekulia kwenye kituo cha majani, nimemwona karani akimwaga kikapu cha mama yangu mara ngapi, na nilikuwa nimemhukumu binti wa watu kwa majani ya juu. Nilimwomba Kogo angoje kwenye benchi. Nikafunga mlango, nikaweka kibonge kwenye mashine, nikazuia pumzi.

Mkikata kwenda ndani, mjue hakuna kurudi nyuma. Kila mzunguko wa gurudumu unakula kitu ambacho hakitakuwepo tena. Nilikata kidogo, nikavua, nikakata kidogo tena, hadi wembe ukafika ile ncha iliyozama. Kupaka rangi kulinichukua hadi alasiri. Nilipotoka mara moja kuchota maji nilimwona bado ameketi, mgongo umenyooka, mkebe magotini.

Nikaweka slaidi. Ilikuwa nyekundu.

Si nzuri, msinielewe vibaya. Vichujio vilikuwa vimevimba, vimejaa askari wanaopigana, vingine vimepasuka. Ulikuwa ugonjwa wa kutisha, lakini ulikuwa hai. Buluu ilikuwa nyuzi chache tu zilizoanza kutandikwa hapa na pale. Ile ncha niliyoikata mwanzo ilitoka karibu na ganda la figo, na hapo chini ya ganda makovu ya zamani hupenda kujikusanya hata kama ndani bado pazima. Hili liandikeni: ukiona kovu pembeni ya ganda, usiseme umeona figo. Nenda ndani.

Furaha yangu haikukaa. Nilihesabu wiki tatu na nikawaona wale mafundi wakiendelea huko Boito ndani ya mwili wa yule msichana, wakitandika, yeye akiwa amelala, akiwa anakula, akiwa anaambiwa avumilie. Nilimpelekea daktari slaidi zote mbili, nikamwambia, "Nililaza kipande mshazari. Nilijua, na sikusema." Alitazama muda mrefu bila kuinua uso. Kisha akachukua simu akampigia daktari wa figo. Kesho yake Chelangat alikuwa wodini na dawa inaingia. Mimi nilipewa barua ya onyo, na ilikuwa haki yangu.

Kogo hakupewa kile kipande. Nilipomweleza tulichokipata alifunga mkebe wake. "Basi akae hapo, lakini mumuangalie," akasema, akaondoka na kitambaa kile kile kimekunjwa. Aliaga dunia mwaka uliofuata na sikuwahi kwenda kumwomba msamaha nyumbani kwake. Najilaumu.

Baada ya miezi kadhaa Chelangat alitolewa kipande kingine. Nilikilaza mwenyewe, bapa, nikakagua mara tatu kabla nta haijaganda. Vita vilikuwa vimezimwa. Askari wameondoka, vichujio vingi vimetulia. Lakini katikati yake kulikuwa na buluu nene mahali ambapo mara ya kwanza hakukuwa na buluu, imekaza, imekauka, na hiyo haina dawa ya kuirudisha nyekundu. Alibaki na figo za kumtosha kuishi bila mashine, kwa vidonge na kwa uangalifu. Alirudi Kabianga akamaliza masomo.

Mwezi uliopita alinitembelea nyumbani. Sasa ni mwalimu, amesikia nimestaafu, akaniletea maziwa. Hakujua chochote kuhusu mshazari wala stima. Alijua tu kwamba nyanyake alikuja kuuliza na majibu yakabadilika, na nyumbani kwao wanalisimulia kama muujiza. Ningemwacha na muujiza wake. Nilishindwa. Tukiwa tumeketi barazani nilimwambia yote, kuanzia nta hadi lile neno kitatosha.

Aliweka kikombe chini, akatazama mashamba hata chai ikapoa.

"Madam, hiyo buluu waliona mara ya pili," akaniuliza, "ilikuwa ya ugonjwa ama ilikuwa ya hizo wiki tatu?"

"Sijui," nikamwambia. "Nimeitazama slaidi hiyo mara nyingi kuliko zote. Kovu halina tarehe."

Simu yake ikalia kumkumbusha dawa. Alitoa vidonge vyake, akavihesabu kiganjani, akavimeza kwa ile chai baridi. Nilisubiri anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

"Mimi siwezi kubeba zote mbili," akasema mwishowe. "Figo nitabeba. Hizo wiki tatu utabaki nazo wewe."

Akasimama, akanipa mkono kwa heshima, ule wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia jinsi tunavyowasalimia wakubwa, akashuka njia ya chai mpaka ukungu ukamfunika.

Ninazo.